Asidi: tuache kukariri, tuielewe kuanzia jikoni

Kanzu nyeupe ikidondokewa na mchuzi wa manjano, mtu anakimbilia sabuni, na akishapaka tu anashtuka mana lile doa badala ya kutoka linageuka jekundu la kahawia, anadhani nguo ndo ishaharibika. Kumbe hamna kilichoharibika, suuza kwa maji mengi au kamulia ndimu kidogo litarudi njano vilevile. Jambo hili kila nyumba Unguja na Pemba washaliona, na wadogo zangu wa skuli nataka mjue kwamba hiyo ndo indiketa, haina tofauti na zile mnazodondoshea kwenye tyubu ya maabara mkaambiwa andikeni rangi mnayoiona. Manjano kwenye asidi inabaki njano, kwenye alkali inakuwa nyekundu, na sabuni ni alkali, yaani kinyume cha asidi.

Naandika haya kwa wanafunzi, khasa wa kidato cha kwanza na cha pili, kwa sababu asidi inasomeshwa sana kama orodha ya kumeza: ina ladha kali ya uchachu, inageuza litmasi (karatasi ya kupimia asidi) ya bluu kuwa nyekundu, inakula chuma, inatoa mapovu ikikutana na kaboneti (vitu kama magadi au jiwe la matumbawe), basi, funga daftari. Yote hayo ni kweli lakini yana sababu moja tu, na ukishaishika hiyo sababu huna haja ya kukariri hata moja kati yao, unayatoa mwenyewe kichwani.

Sababu yenyewe ni haidrojeni. Asidi ni kitu ambacho kikiingia kwenye maji kinaachia ioni za haidrojeni, yaani atomu zake zenye chaji ya umeme, tunaandika H⁺. Atomu ya haidrojeni ndo nyepesi kuliko zote, ina protoni moja na elektroni moja, sasa ikiiacha ile elektroni kinachobaki ni protoni peke yake, na protoni tupu haiwezi kukaa vivi hivi ndani ya maji, inajibandika kwenye molekyuli ya maji papo hapo inakuwa H₃O⁺. Hiyo ndo inayouma ulimi ukilamba ndimu, ndo inayogeuza litmasi, ndo inayotoa mapovu kwenye magadi. Mhusika ni yuleyule mmoja kila pahala.

Na maji hapo si pambo. Chukua unga wa sitriki, ule mweupe wanaotilia juisi, uweke mkavu juu ya karatasi kavu ya litmasi, utakaa unangoja na rangi haitobadilika. Dondosha tone moja la maji na karatasi inakuwa nyekundu palepale. Asidi ilikuwepo tokea mwanzo ila haikuwa na wa kumpa ile haidrojeni yake.

Watu walichukua muda mrefu kufika hapa. Lavoisier, yule mwanakemia mkubwa wa Ufaransa, aliamini kinachofanya kitu kiwe asidi ni oksijeni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima wengi wakamfuata. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonesha kwamba asidi ya haidrokloriki haina oksijeni hata chembe, ni haidrojeni na klorini tu, na bado ni asidi ya kutisha. Halafu 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, akaandika kwenye tasnifu yake kwamba chumvi na vitu kama hivyo vikiyeyuka kwenye maji vinagawika kuwa ioni, na kutokana na wazo hilo ndo ikaja maana ya asidi tunayoanza nayo skuli. Walimu wake hawakumuelewa vizuri, wakampa alama ya chini. 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mtu kivyake, wakaipanua zaidi: asidi ni yule anayetoa protoni, besi ni yule anayeipokea. Hii ya pili ishikeni sana, mana tutaihitaji tukifika kwenye samaki.

Sasa asidi zetu wenyewe ziko wapi? Ziko kila pembe. Ndimu na limau zina asidi ya sitriki, ukwaju una ya tatariki, embe mbichi ya kwenye urojo ina ya sitriki na ya maliki, mbirimbi za achari zina ya oksaliki kwa wingi ndo mana mtu anakunja uso kabla hajaimaliza moja. Mtindi una ya laktiki, inatengenezwa na bakteria wanaokula sukari ya maziwa. Siki ni ya asetiki, na hiyo nayo ni kazi ya bakteria, wanaichukua alkoholi wakaigeuza kwa msaada wa hewa, kwahiyo tembo la mnazi likiachwa wazi siku nyingi linakuwa siki. Waliowahi kupanda mkarafuu au mwembe wenye majimoto wanaijua ya fomiki, yule chungu anang'ata kwanza halafu anarushia asidi kwenye kidonda, ndo mana unawaka. Na tumboni mwako hivi sasa una haidrokloriki, ile ile ya kwenye chupa ya maabara, imetiwa maji tu.

Hata karafuu yenyewe. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujenoli, na yujenoli ni asidi, ila hafifu mno, huwezi kuihisi uchachu hata ukiitafuna. Lakini ukiichanganya na alkali yenye nguvu kama sodiamu haidroksaidi inaitoa haidrojeni yake na kuyeyuka kwenye maji, halafu ukitia asidi yenye nguvu zaidi inarudi kuwa mafuta. Wanakemia wanaitumia njia hiyo kuitenga na vitu vyengine. Kwahiyo asidi si lazima iwe chachu mdomoni wala si lazima iunguze.

Hapa sasa ndo penye vurugu kubwa na nataka tukae hapa kidogo. Wanafunzi wengi, na hata watu wazima, wanadhani asidi kali na asidi iliyokolea ni kitu kimoja, kwamba ukiongeza maji asidi kali inakuwa hafifu. Sivyo. Fikirieni mchango wa harusi. Wamekuja watu 100 na kila mmoja ana noti moja mfukoni. Harusi ya kwanza wote 100 wanatoa pale pale bila kuombwa mara mbili, hiyo ndo asidi kali, haidrokloriki, nitriki, molekyuli zake zote zinaachia haidrojeni zikiingia majini. Harusi ya pili wamekuja 100 vilevile lakini anayetoa ni mmoja, 99 wameikamata mfukoni, hiyo ndo asidi hafifu, siki. Utayari wa kutoa ndo ukali, na huo ni tabia ya asidi yenyewe, hauubadilishi kwa kumwaga maji. Idadi ya watu waliokuja ndo ukolevu, na huo unaubadilisha wewe unavyotaka.

Na namba hizo sikuzitoa hewani. Kwenye myeyusho wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekyuli), asidi ya asetiki inaachia kama molekyuli 1 tu katika kila 100, haidrokloriki inaachia zote. Ndo mana ukipima hizo mbili zenye ukolevu sawasawa, haidrokloriki inakupa pH 1 na asetiki inakupa kama 2.9 (pH ni kipimo cha asidi, namba ndogo ndo asidi zaidi, nitakieleza mbele).

Lakini kuna jambo linawachanganya wengi kwenye taitresheni, yaani kudondosha alkali kwenye asidi mpaka asidi imalizike. Ukichukua mililita 25 za kila moja ukazidondoshea sodiamu haidroksaidi, zote mbili zinahitaji kiasi kilekile cha alkali mpaka kumalizika. Mtu anauliza vipi na moja ni hafifu? Rudini kwenye harusi: ukishaichukua ile noti moja iliyotolewa, mwengine anatoa yake, ukiichukua na hiyo anatoa mwengine, hivyo hivyo mpaka wote 100 wamemaliza. Asidi hafifu inatoa kidogo kwa wakati lakini haina noti chache. Likishaingia hili kichwani mtihani hauwezi kukutega.

Na tafadhali sana msije mkadhani hafifu maana yake salama. Asidi ya haidrofloriki darasani tunaiweka kundi la asidi hafifu, na hiyo hiyo inakula kioo, ikigusa ngozi inapenya mpaka kwenye mfupa inakwenda kufuata kalsiamu. Na kinyume chake haidrokloriki ni kali lakini ikiwa imetiwa maji mengi unaweza kuishika na isikufanye kitu.

Asidi ya betri za gari na za sola ni salfyuriki, kiasi cha theluthi moja ya uzito wa yale maji ni asidi. Tone lake likidondokea kanga ya pamba halioneshi kitu mwanzo, unaona kama maji tu, unalidharau. Nguo ikikauka, maji yanapaa lakini asidi haipai, inabaki inakolea palepale inaila pamba, ukija kuifua kanga inatoboka. Ngozi nayo usiingoje, ikidondokewa osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kamili, usiifikirie ndimu wala magadi wala kitu chengine, maji tu, na ikiingia jichoni osha vilevile halafu nenda hospitali moja kwa moja.

Mkiwa maabara mnazimua asidi iliyokolea, asidi ndo inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga, maji hayatiwi kwenye asidi. Sababu ni kwamba salfyuriki ikikutana na maji inatoa joto kubwa sana na ni nzito kuliko maji, kwahiyo maji ukiyamimina juu yake yanakaa juu, yanachemka ghafla yanakurukia usoni pamoja na asidi. Na la mwisho hapa ni la nyumbani: dawa ya kusafishia choo yenye asidi isichanganywe hata siku moja na bilichi ya nguo. Asidi inaitoa klorini kutoka kwenye bilichi ikawa gesi, na choo cha ndani kisicho na dirisha mtu anaweza kupoteza pumzi humo humo. Waambieni na wakubwa wenu, mana wengi wanachanganya wakidhani wanaongeza nguvu ya kusafisha.

Nimetaja pH, tuiweke sawa. Mdenmark mmoja, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alichoka kuandika namba zenye masufuri mengi, mwaka 1909 akaleta kipimo hichi. Kinachopimwa ni wingi wa zile ioni za haidrojeni, na kimekaa kinyumenyume, namba ikiwa ndogo ioni ni nyingi. Maji safi kwenye nyuzi joto 25 ni 7, chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali. Cha kukamata ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Maji ya ndimu yana pH kama ya 2, kwahiyo kutoka 7 mpaka 2 si hatua tano tu, ni mara 10 kwa 10 kwa 10 kwa 10 kwa 10, ndimu ina ioni hizo mara 100,000 kuliko maji safi. Damu yako iko kati ya 7.35 na 7.45 na mwili unahangaika usiku na mchana isitoke hapo, mana ikisogea hata kidogo mtu anaumwa vibaya. Tumbo ni kati ya 1.5 na 3.5 hivi, na halijili lenyewe kwa kuwa lina ute unaolifunika kwa ndani.

Haya sasa samaki. Kila anayepika huku kwetu anajua samaki akishaparwa anakamuliwa ndimu, na ukiuliza kwanini unaambiwa kuondoa shombo. Shombo hilo lina kemia nzuri sana. Samaki wa baharini akishakufa bakteria wanaanza kutengeneza vitu vinavyoitwa amini, mmoja wao traimethilamini, na hii inapaa hewani kwa urahisi ndo mana pua inaipata mpaka nje ya nyumba. Amini ni besi. Angalieni, haina OH ndani yake, na kwa maana ile ya mwanzo ya Arrhenius besi ni kinachoachia ioni za OH⁻ majini, kwahiyo ungeshindwa kusema besi ni vipi, lakini kwa maana ya 1923 iko wazi, inapokea protoni. Ndimu inatoa protoni, amini inaipokea, inakuwa ioni yenye chaji, na kitu chenye chaji kinanasa kwenye maji hakipai tena. Harufu haikufunikwa na harufu ya ndimu kama wengi wanavyodhani, imefungwa, na ukisuuza inaondoka na maji.

Hicho kilichotokea juu ya samaki ndo kile mnachoandika daftarini kwamba asidi na besi zinazimana nguvu na kutoa chumvi. Chumvi kwa wanakemia si ya mezani peke yake, ni ukoo mzima. Haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi zinatoa ile ya mezani na maji, nyengine zinatoa chumvi nyengine.

Kwenye metali nitapita haraka. Asidi ikikutana na zinki, magnesiamu au chuma inatoa gesi ya haidrojeni na chumvi, ila shaba haifanyi hivyo kwa asidi hizi za kawaida. Sasa dele la kahawa la shaba likisuguliwa kwa ndimu au ukwaju linang'ara kwanini? Kwa sababu kinachoondoka si shaba, ni ule weusi wa juu, oksaidi ya shaba, na oksaidi za metali nyingi ni besi.

Kilichobaki ni kaboneti, na hapa sisi wa visiwani tuna bahati kuliko watu wengi, mana tumekaa juu yake. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani kwa sehemu kubwa ni vipande vya matumbawe na kombe vilivyosagika, nao ni kalsiamu kaboneti. Chukua kijiko chake, kitie kwenye gilasi, mimina siki, inama usikilize. Unasikia inachacharika, mapovu madogo madogo yanapanda kutoka kila punje, hiyo ni kaboni dayoksaidi inatoka, na ukiendelea kutia siki mchanga wenyewe unapungua. Ukipata mchanga wa bara wa mtoni, ule wa kwarizi, ufanyie vilevile utakaa kimya. Yai nalo ukilitumbukiza kwenye siki usiku kucha asubuhi ganda lishalainika au lishakwenda zake, limebaki la utando.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Tafuta chokaa ya tambuu, kidogo tu, na ulinde macho yako mana chokaa inaunguza. Chokaa hiyo imetoka kwenye jiwe hilohilo la matumbawe, lilichomwa tanurini mpaka likaachia kaboni dayoksaidi, halafu likatiwa maji likawa kalsiamu haidroksaidi, na ndo hiyohiyo iliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe, ikikaa ukutani inairudisha kaboni dayoksaidi ya hewani na kuwa jiwe upya. Koroga chokaa kwenye maji, iache ituwame, chukua yale maji ya juu yaliyo safi kabisa yanayoonesha. Puliza ndani yake kwa mrija, taratibu, usivute. Maji yanakuwa na ukungu mweupe wa maziwa, hiyo ni kalsiamu kaboneti, jiwe umelitengeneza kwa pumzi zako. Wengi wanaishia hapo. Wewe usiache, endelea kupuliza, na baada ya muda ule weupe unaanza kupotea mpaka maji yanaonesha tena.

Kilichotokea ni kwamba pumzi yako ikizidi inafanya maji kuwa na asidi ya kaboniki, hafifu, na asidi hiyo inaila kaboneti ikawa bikaboneti ambayo inayeyuka. Mvua inafanya hivyo hivyo. Mvua safi kabisa isiyo na uchafu wowote ina pH ya 5.6 hivi kwa kuwa inaichukua kaboni dayoksaidi njiani, halafu inapenya kwenye mawe yetu maelfu ya miaka, na mapango kama la Mangapwani na la Kuumbi yamechimbika kwa asidi hafifu ya namna hiyo. Maji hayo yenye bikaboneti ndo tunayoyavuta visimani, na ukiyachemsha mambo yanageuka nyuma, kaboni dayoksaidi inatoka na kaboneti inarudi kuwa jiwe, ndo ule ukoko mweupe ndani ya birika. Tia siki au ndimu na maji, iache ichemke kidogo, itaondoka kwa sababu ileile ya mchanga wa Paje.

Na bahari nayo inaipokea kaboni dayoksaidi, tena kwa wingi, ile inayotoka kwenye makaa, petroli na dizeli inayochomwa dunia nzima. Kabla ya viwanda kuenea pH ya maji ya juu ya bahari ilikuwa kama 8.2, sasa ni kama 8.1. Mwanafunzi akiona 0.1 anasema si kitu, lakini nyinyi mnajua sasa kipimo hichi kinavyohesabu, hiyo 0.1 maana yake ioni za haidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Bahari haijawa asidi, bado ni alkali, na msije mkaandika vyengine kwenye mtihani, ila imesogea upande wa asidi. Tatizo la matumbawe, kombe na chaza si kuunguzwa, tatizo ni kwamba wanajenga kwa kaboneti, na kila ioni ya haidrojeni inayozidi inajishika na kaboneti iliyomo majini ikawa bikaboneti, na kwa bikaboneti pekee kiumbe anajenga kwa tabu zaidi, inabidi atumie nguvu zake mwenyewe kuitoa ile haidrojeni kwanza.